Silinda Iliyong'aa Kupita Kiasi

Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja hapa Likasi, mpaka kiharusi kilipomlemaza upande wa kuume na kumnyang'anya maneno. Mashine yake ya kusaga mahindi, kule mtaa wa Kikula, ikabaki mikononi mwangu. Mimi si fundi. Nilijifunza kwa kumtazama.

Mwaka jana mota yake ilianza kutoa moshi. Niliileta nyumbani, nikaifungua uani, karibu na kiti cha baba. Silinda, lile tundu la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, ilikuwa na mikwaruzo mirefu. Niliisugua kwa msasa siku tatu, hadi nikaiona sura yangu ndani yake.

"Angalia, papa," nikamwambia. "Iko sawa kioo."

Akatikisa kichwa. Kwa mkono wake mzima akaanza kuukwaruza ule uliolemaa: mstari huu, kisha mwingine ukiukata. Akarudia na kurudia, akitoa sauti isiyokuwa neno.

"Mukono iko namuwasha," mama akasema. "Umupake mafuta."

Nikampaka. Baba akafumba macho, machozi yakamtoka. Tulidhani ni ugonjwa.

Nikaifunga mota, nikairudisha kwenye mashine. Ilisaga asubuhi moja tu. Ikalia kilio chembamba, ikanuka kuungua, ikasimama. Wanawake waliopanga foleni na mabeseni yao ya mahindi wakanitazama.

Fundi niliyemwita kutoka Kambove aliifungua tena mota pale uani kwetu, akaingiza kidole kwenye silinda.

"Nani alisugua hivi?"

"Ni miye."

"Silinda haitakiwi kuwa laini hivi. Inatakiwa mistari midogo yenye kukatana. Mafuta inakaa mule ndani. Weye umeifuta yote, mafuta ikakosa pa kukaa. Pistoni ikasugua chuma kwa chuma."

Akanionyesha kwa ukucha, kwenye mkono wake mwenyewe, jinsi mistari inavyokatana. Mama akaacha alichokuwa akifanya. Mimi sikuthubutu kumtazama baba.

Chuma kilikuwa kimelika vibaya. Hakikutengenezeka, na silinda ya mota ile ya zamani sijaipata popote. Wateja wanasaga kwingine.

Jioni ile, fundi alipoondoka, nilipiga magoti mbele ya kiti chake, nikamwomba msamaha. Siku hizo baba alikuwa amerudiwa na neno moja tu, "ndiyo", na alilisema hata alipokataa chakula. Ndilo alilonijibu.