Mtoto Tuliyempangia Maisha Bila Kumtazama

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, mama mkwe wangu alipokuja kwetu Ngamiani kutoka kwao Mkwaja ili amchukue binti yangu akaishi naye. Tulimwita sisi wenyewe, mimi na mume wangu Salimu. Mwanahamisi alikuwa darasa la tatu, na mwalimu wake alikwisha kutuita akatwambia mtoto ni mzito, hanakili yaliyo ubaoni, na akiulizwa anabaki kukodoa macho tu. Salimu akaamua kwamba shule haimfai. Aende kwa bibi yake, ajifunze kusuka ukili wa mikeka na kazi za nyumbani, na nguvu zetu za kusomesha tuzielekeze kwa mdogo wake wa kiume, ambaye alionekana mwepesi. Nami nikakubali. Usinitazame hivyo. Nilikubali kwa kuwa nilishachoka.

Maana na mimi nilikuwa na kesi yangu naye, mbali na hiyo ya mwalimu. Wajua kwetu pwani mtoto hafundwi kwa makelele mbele ya wageni. Mgeni akiingia, mama humkazia mtoto macho mara moja tu, naye anajua: ondoka, au kalete maji, au acha hicho ulichoshika. Mwanahamisi nilimkazia macho mpaka yakaniuma mimi. Alibaki ameketi pale pale, ametulia, ananielekezea uso bila wasiwasi wowote. Wageni wakaanza kusema binti yule ana kiburi. Maneno yale yaliniingia, kwa sababu mtoto akikosa adabu anayesemwa ni mama, baba hasemwi.

Halafu kulikuwa na runinga. Yetu ilikuwa miongoni mwa za mwanzo mtaani petu, na Salimu aliitunza kuliko baiskeli yake. Mimi nikaishonea kitambaa chenye marinda, kana kwamba inaolewa. Ilikuwa ikiwashwa pale tu anaporudi kutoka kazini bandarini, na haizimwi mpaka watoto walale. Mwanahamisi alikaa nayo pua kwa kioo. Baba yake akimvuta nyuma, punde si punde amesharudi. Tukawa tunacheka, tunasema huyu runinga imemroga.

Sinia letu lilikuwa juu ya kabati, limeota vumbi. Kila mtu alikula kwenye sahani yake, macho kwenye tamthilia. Na ili watoto wasinisumbue katikati ya mchezo, samaki nilikuwa nawachambulia jikoni kabisa, nawapakulia minofu mitupu isiyo na mwiba hata mmoja. Nikajiona mama hodari, na majirani waliniiga.

Basi jioni ile mama mkwe alipokwisha kupumzika, nikaja na sahani zangu. Akaitazama sahani, akaitazama runinga, akauliza sinia liko wapi. Alisema yeye hakuzoea kula huku watu wamempa kisogo. Kisha akamwomba mwanawe azime. Salimu akacheka kidogo, akasema taarifa ya habari inakaribia. Mama yake akamjibu kwa upole kwamba habari kubwa haimpiti mtu, kesho ataisikia sokoni. Mtu mzima hakatai ombi la mamaye mara mbili. Akazima, na chumba kikanyamaza hata tukaoneana haya, maana hakuna aliyekumbuka watu huzungumza nini wakati wa kula.

Nikateremsha sinia, nikalisafisha, nikapakua wali, na juu yake nikaweka tasi wazima wazima kwa kuwa nilikuwa bado sijawachambua. Tasi wamjua. Ni mtamu, lakini miiba yake humfunza mtu subira. Mama mkwe ndiye mkubwa wa sinia, kwa hiyo yeye ndiye aliyemega samaki na kumsogezea kila mmoja mbele yake. Mdogo mtu akawa anang'oa miiba na kuipanga pembeni bila tabu. Mwanahamisi hakuing'oa. Alikuwa anaipapasa ile nyama kwa ncha za vidole, taratibu, kipande kwa kipande, kisha akainama mpaka uso ukakaribia kugusa wali.

Nikamwambia akae vizuri. Mama mkwe akaniwekea mkono gotini, nikaelewa ninyamaze. Akachukua mwiba mmoja mkubwa, akaulaza kwenye ukingo wa sinia mbele ya mjukuu wake, akamuuliza hiki ni nini.

Mtoto akainua uso. Akasema, "Sioni, Bibi."

Alisema kwa sauti ile ile ambayo angesema hataki pilipili. Hakulalamika, kwa sababu alidhani sote tunaona hivyo. Alidhani dunia ndivyo ilivyo, ukungu mtupu mpaka ukisogelee kitu kwa pua. Ubao wa shule hakuuona. Macho yangu niliyomkazia mbele ya wageni hakuyaona. Ile runinga ndiyo aliyoweza kuisogelea bila kukaripiwa sana, na sisi tukamcheka kwa hilo.

Mama mkwe hakupandisha sauti. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Nyie mwampangia mwana huyu maisha, na hata kula kwake hamkujui. Humfungii mwenzio mzigo wa safari na uso wake hujautazama."

Salimu akainamisha kichwa. Mimi nililia pale pale, mkono ungali na wali, na sioni aibu kukwambia. Ningempeleka mwanangu Mkwaja akasuke ukili maisha yake yote akiitwa mjinga, na ujinga ulikuwa wetu. Yule mama hakutusimanga zaidi. Alituambia tule, chakula kinapoa, na Jumatatu mtoto apelekwe hospitali. Hapo ndipo nilipomjua mama mkwe wangu, kwamba alikuwa na ulimi wa kukata na mkono wa kufunga kidonda kwa wakati mmoja.

Mwanahamisi akapimwa, akapata miwani. Siku alipovishwa, mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi mwisho wa ukumbi. Alitoka mlangoni, akasimama, akanitazama toka kule mbali kwa muda mrefu. Akaniambia, "Mama, unacheka." Mwanangu, nilikuwa nimemchekea mtoto yule toka siku aliyozaliwa. Hakuwahi kujua, ila nikimkumbatia.

Mama mkwe alirudi kwao Mkwaja peke yake.

Sikuhadithii haya ili ufikiri kwamba runinga ilimharibu mtoto macho. Macho yake alizaliwa nayo hivyo. Wala sikwambii kwamba alikuja kuwa mtu mkubwa serikalini. Ni fundi cherehani hapo Makorora, gauni la harusi analoshona watu huja kulifuata toka Muheza, na yeye mwenyewe siku hizi simu haimtoki mkononi. Nikimsema ananicheka, ananiita polisi wa simu. Lakini tukiketi kula, ananizimia hiyo simu.

Ninachokwambia ni hiki. Kuchoka nakujua. Najua unarudi umechoka, na ukimpa mtoto simu nyumba inatulia, nawe unapata kupumua. Hakuna mzazi asiyetaka kupumua, na mimi si wa kukulaumu. Ila nyumba iliyotulia usidhani ndiyo nyumba iliyo salama. Mtoto mwenye shida akipewa kioo hunyamaza, na akinyamaza humwoni. Wahenga walisema mcha mwana kulia hulia yeye. Mnyang'anye kwa upole, alie kidogo, kisha ukae naye. Na simu ya kwanza kuwekwa kando iwe yako, maana mtoto hukufuata ufanyavyo kabla hajakufuata usemavyo.

Na mipango panga. Weka akiba, tafuta shule nzuri, nunua kiwanja ukijaliwa, akiba haiozi. Nasikia vijana mnakaa nyinyi wawili, mume na mke, mnapanga mtoto awe daktari, awe rubani. Ni vyema. Lakini kabla ya kumpangia, muulize mlo wake wa mchana alikula na nani. Mtazame anavyotembea, anavyoshika kalamu, anavyonyamaza. Kila siku pawe na wakati mmoja ambao vioo vyote vimezimwa na nyuso zote zimeelekeana, hata kama mnachokula ni muhogo wa kuchemsha. Mkikosa la kuzungumza siku za mwanzo, oneaneni haya tu kama sisi. Maneno yatakuja.

Mwanangu, Mwenyezi Mungu akutilie baraka katika kizazi chako. Akupe riziki ya kuwalea na uhai wa kuwaona wakikua. Na mtoto wako atakapoinua uso kukutafuta chumbani, Mungu ajaalie akukute unamtazama. Amina.