Risasi ilitoka stoo kwangu Pongwe ikampiga jirani, nikamwacha mumewe awekwe ndani

Wakuu, salaam zenu.

Uzi huu nimeuandika nikaufuta mara tatu. Leo nauacha.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Mahakama ilishamaliza kazi yake, kifungo nimekitumikia, kwa hiyo sina cha kuficha isipokuwa majina ya watu. Hayo nimeyabadilisha.

Na kabla sijaanza: sitaeleza nilivyotengeneza kile kitu. Ukinifuata PM kuulizia, nakublock.

Mimi ni fundi mashine. Nachonga vyuma. Kazi nilijifunzia kwenye karakana ya shamba la mkonge, baadaye nikafungua ya kwangu hapa Pongwe. Bushi za matrekta, vipuri vya mashine za kusaga, ekseli za mikokoteni, vyote nafanya. Chuo sijasoma, lakini watu wakaanza kuniita Injinia.

Jina lile nililipenda kupita kiasi. Kumbukeni hilo mnaposoma.

Jirani yangu alikuwa Mzee Mhina, mkulima wa miaka sabini na ushee, na mkewe Bi Mwanaidi, msukaji wa mikeka. Kati ya nyumba yao na yangu kuna ua wa minyaa tu. Ukikohoa wanakwambia pole.

Mzee alikuwa na gobore, lina kibali, la kufukuzia ngedere na nguruwe kwenye mihogo yake. Likilegea kitu ananiletea.

Siku moja kaja nalo, tuko watu kama watano pale karakana, akasema, "Hili likishalia mara moja, ngedere wanajua wana nafasi ya kula washibe ndipo miye nimalize kushindilia tena."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria bunduki inayojipakia yenyewe.

Baadaye nilipoulizwa kwa nini, nilisema nilitaka kuwasaidia wakulima. Uongo. Hakuna mkulima aliyeniomba. Nilitaka kujua kama naweza. Basi.

Nikaanza kazi kwenye stoo ya nyumbani, nikaweka kufuli. Mke wangu, Mama Salma, nikamwambia natengeneza pampu ya dawa za mimea. Hakuuliza zaidi. Mwanamke yule ananiamini, au tuseme alikuwa ananiamini.

Nilihangaika miezi. Siku ya kwanza kuijaribu nilikwenda mbali kwenye mkonge uliotelekezwa, ikalia mara moja, nikacheka peke yangu kwa furaha. Ya pili ikakwama. Nikarudi, nikarekebisha, nikaenda tena. Ikakwama tena.

Kule kukwama ndiko kulikonimaliza. Nakula nawaza chuma. Naswali nawaza chuma. Mteja analeta kazi namwambia njoo kesho, kesho namwambia njoo keshokutwa. Shangazi yangu alifiwa kule Ushongo, nikatuma rambirambi kwa simu, sikwenda. Nilijiona niko karibu sana kufaulu.

Sasa ile siku.

Jumamosi, kama saa nne asubuhi. Mama Salma kaenda sokoni na watoto. Alfajiri nilikuwa nimesikia gobore la Mzee Mhina likilia kule shambani kwake, kawaida yake. Sasa karudi, namsikia anaoga kwenye bafu lao la makuti. Kopo linagonga ndoo, maji yanamwagika, na mwenyewe anaimba kaswida kwa sauti ya puani. Shikeni hapo. Namsikia kabisa.

Mimi niko stoo. Ile kitu ilikuwa imekwama tangu Alhamisi. Nikatoa magazini, kile kisanduku cha risasi, nikachungulia ndani haraka haraka, nikajiridhisha iko tupu. Nikaibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha vyuma cha mezani, mdomo umeelekea dirishani. Nikaanza kugongagonga.

Haikuwa tupu.

Ilivyolia mle ndani masikio yaliziba kama nimetiwa pamba. Halafu, kwa mbali, nikasikia sauti ya Bi Mwanaidi.

"Yarabi! Mkono wangu! Mzee! Mkono wangu jamani!"

Wakuu, naomba hapa msome taratibu. Sikumkimbilia. Nilificha kwanza. Niliichomoa kwenye jiliwa, nikaizika ndani ya gunia la pumba za kuku, nikafunga stoo, nikaweka ufunguo mfukoni. Ndipo nikaruka ua.

Alikuwa kwenye kibanda chake cha jikoni, kakaa chini, mkeka mapajani, damu imejaa kwenye ukili. Risasi ilitoka dirishani kwangu, ikapita kwenye ukuta wa udongo wa kibanda kama hakuna kitu, ikamtoboa mkono wa kushoto juu kidogo ya kiwiko. Mzee Mhina kaja mbio kutoka bafuni, shuka kiunoni, povu la sabuni kichwani, anauliza nini, nini, kuna nini.

Nilimfunga Bi Mwanaidi kwa khanga, nikasimamisha bajaji, nikambeba. Tukapitia polisi kuchukua PF3, ile fomu ya matibabu, tukaenda hospitali. Njia nzima kaniegemea kifuani. Ananiambia, "Mungu akulipe mwanangu. Ungekuwa hupo ningekufa."

Niliporudi polisi walishafika pale nyumbani, na mtaa mzima umejaa.

Gobore la mzee lilikuwa limeegemezwa mlangoni kwao, halijasafishwa tangu alfajiri. Afande akalinusa, akatikisa kichwa. Mama mmoja akasema jana jioni aliwasikia mzee na mkewe wakigombana. Kweli waligombana, hata mimi niliwasikia. Walikuwa wanabishana mbuzi yupi wa kumpelekea binti yao aliyejifungua Muheza.

Mzee anasema, "Nilikuwa naoga. Miye nilikuwa naoga, afande."

"Nani alikuona?"

"Mtu anaonwaje akioga?"

Watu wengine wakaguna. Afande akanigeukia.

"Wewe ndiye jirani. Ulikuwepo. Mlio ulitokea wapi?"

Nilikuwa na nafasi. Ningeweza hata kusema sijui.

Nikasema, "Kwa mzee, afande."

Wakamchukua. Sabuni ilikuwa imemkaukia sikioni.

Jumapili baada ya swala ya adhuhuri imamu alinitaja kwa jina akaniombea dua, kwa kumwokoa mama wa watu. Watu wakaja kunishika mkono mmoja mmoja. Injinia ana moyo. Injinia ni mtu. Nikawa naitikia amin, amin, macho kwenye jamvi.

Mama Salma akawa anapika mara mbili, chakula cha hospitali na cha kituoni. Mpelekaji ni mimi. Bi Mwanaidi kitandani, mkono una plasta, kila aliyeingia alimwambia mumewe hana kosa. Wauguzi wakimsikiliza wanaangaliana. Wanaona ni yale yale ya mke kumficha mume.

Akaniambia, "Mwanangu, weye ndiye mtu wetu. Mpelekee dawa yake ya presha. Mwambie miye najua si yeye."

Jumatatu asubuhi nikapeleka. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, na dawa. Wakanipa dakika chache naye, kwenye benchi nyuma ya kaunta. Mzee alikuwa amesinyaa. Siku mbili tu, lakini alisinyaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mwanaidi hajambo?"

"Anaendelea vizuri. Anasema anajua si wewe."

Chakula hakukigusa. Akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Nikuulize kitu. Weye fundi, lile chuma unalijua. Laweza kulia lenyewe?"

Nikamsogezea sahani ya wali.

"Maana nimekaa humu nafikiri. Ile alfajiri nilishindilia mara moja au mara mbili? Sikumbuki. Naenda, narudi, sikumbuki. Nazeeka mwanangu. Kama nililirudisha na baruti ndani, nikaliegemeza pale mlangoni, likalia... basi ni miye. Niambie kweli. Laweza?"

Nilimtazama mzee wa watu ambaye nilimsikia kwa masikio yangu akiimba bafuni.

Nikasema, "Linaweza, baba."

Machozi yakamtoka bila sauti, akayafuta kwa kiganja.

"Basi ni miye. Nitawaambia waandike hivyo. Na weye ukifika hospitali mwambie Mwanaidi nimekubali. Mwambie anisamehe, sikujua."

Wakuu, nilitoka pale nikakaa kwenye kijiwe cha bodaboda ng'ambo ya barabara. Vijana wakaniuliza naenda wapi. Hospitali sikuweza kwenda. Ningemwambiaje yule mama kwamba mumewe anaomba msamaha?

Ningependa kuwaambia kwamba pale pale niliamka nikarudi kituoni. Sikurudi. Nilikwenda nyumbani kulala.

Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Pumba za kuku za jikoni zilikuwa zimeisha, Mama Salma akachukua ufunguo wa akiba akaingia kuchota. Nilimkuta kakaa sakafuni, miguu kainyoosha, ile kitu iko mbele yake ina vumbi la pumba. Juu yake dirisha, na kwenye waya wa mbu tundu dogo la duara.

Akasema, "Hii ndiyo pampu?"

Nikaanza kueleza. Nikasema ilikuwa bahati mbaya, nikasema sikukusudia, nikasema ngoja kwanza tufikirie watoto.

Akanikata. "Chakula cha yule mzee nimepika kwa mikono yangu. Weye ukakipeleka. Ukamwangalia akila?"

"Leo hakula."

Akasimama, akajitanda khanga. "Unakwenda weye au nakwenda miye?"

Nikaenda. Yeye nyuma yangu hatua tatu, mpaka kituoni.

Nilipofika kaunta Mzee Mhina alikuwa anatolewa chumba cha maelezo. Alishawaambia ni yeye, wanasubiri aweke dole gumba kwenye maelezo. Aliponiona uso ulimchangamka.

"Umeshafika hospitali? Kasemaje?"

Nikamwambia afande, sio yeye. Sikuweza kumwangalia mzee. "Ni mimi, afande. Silaha iko kwangu. Na siku ile nilimsikia mzee akioga."

Afande akaniuliza mara mbili nirudie. Nikarudia. Wakanifunga pingu, tukaenda nyumbani wakaichukua, wakapima tundu la dirisha na la ukuta kwa kamba, ikanyooka moja kwa moja hadi kwenye jiliwa yangu.

Mzee walimwachia jioni ile ile.

Mahakamani nilikiri kosa. Nilikaa gerezani muda wa kutosha kumkuta mwanangu wa mwisho ananiita mjomba. Mama Salma alihamia kwao Pangani. Sasa amerudi, tunaishi, ila nikichelewa kujibu swali lake lolote, hata la chumvi iko wapi, ananitazama.

Karakana nimefungua tena. Injinia hakuna anayeniita.

Wiki niliyotoka nilikwenda kwa majirani. Bi Mwanaidi alinipokea, akanipa kigoda. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto havikunji. Kusuka hawezi tena, siku hizi anakaanga vitumbua kwa mkono mmoja. Akaniambia, "Miye nilishakusamehe ukiwa ndani huko. Risasi haikukusudiwa."

Mzee Mhina alikuwa kakaa mlangoni, anachambua kunde. Nikapiga magoti, nikaomba radhi. Akaendelea kuchambua.

Halafu akasema, "Ule mkono ni wake, kakusamehe yeye. Miye una deni langu. Nimeishi na mwanamke huyu miaka arobaini na tano, sijampiga hata kofi. Weye ukanifanya niamini nimempiga risasi. Nilikuuliza kwa mdomo wangu. Nilikuuliza weye."

Nikasema, "Ndiyo baba."

"Mpaka leo nikiamka asubuhi, kabla akili haijatulia, najiona ni miye niliyempiga. Haya, niambie fundi. Hiyo waitengenezaje?"

Nikakaa pale magotini mpaka Bi Mwanaidi akaniambia inuka mwanangu, uende.

Wakuu, somo.

Wengi mtasema somo ni usichezee silaha. Ni kweli. Kama una kitu cha namna hiyo uvunguni au stooni, tafuta mwenyekiti wako wa mtaa akupeleke ukaisalimishe, leo. Usiseme inakwama tu haina madhara. Yangu nayo ilikuwa imekwama.

Lakini mimi silaha siilaumu sana. Ile risasi ilichukua sekunde, na ilikuwa ajali. "Kwa mzee, afande" haikuwa ajali. "Linaweza, baba" haikuwa ajali. Hayo niliyatoa mdomoni nikiwa na akili zangu timamu, na ndiyo yanayonizuia kulala.

Karibuni mseme chochote. Matusi nayapokea, nimeshajitukana zaidi. Msinipe hongera ya kukiri tu, maana nilisukumwa na mke wangu.

EDIT: Mdau mmoja hapo chini kauliza kama mzee ananiitikia salamu. Ananiitikia. Kila asubuhi nikipita namwamkia, anasema marahaba, sauti ya kawaida kabisa, kama anavyomwitikia mpita njia asiyemjua.