Cherehani ya Pambo

Shangazi yao, fundi cherehani, haangalii kitu cha kale kwa macho matupu. Wapwa wakipiga picha saa mbovu za duka la vitu vya kale, yeye hufungua droo, hunusa mbao, hukwaruza kutu kwa ukucha na kuguna kama hakimu. Leo kaketi kwenye cherehani ya miguu.

“Mama, hiyo ni pambo tu!” mwenye duka akalia.

“Pambo ni hereni, mwanangu.”

Wapwa wakacheka. “Shangazi, si tulikwambia kushona sasa basi? Macho hayo, magoti hayo!”

Shangazi akatoa uzi mkobani, akautunga sindanoni mara moja, akalivuta pindo lililofumuka la shati la mpwa aliyecheka zaidi, mwenyewe akiwa ndani yake, akakanyaga pedali. Duka zima likanguruma kwa mlio wa cherehani, pindo likashonwa. Akailipia cherehani, kisha akawageukia wapwa.

“Haya, wenye magoti mazima, ibebeni. Kesho naanza tena kazi.”