Maulidi wa Stationery na Kiboksi Chake cha Gitaa

Mpaka naandika hapa, akili inagoma kuamini kwamba Maulidi hayupo.

Asubuhi ile mkewe, wifi Mwanaidi, alinipigia analia: "Chausiku, innalillahi." Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu: "Mwambie abonyeze vile vitufe viwili, kitawaka tu."

Msinishangae. Mwaka jana Maulidi mwenyewe alinipigia na neno hilohilo, sauti imemkauka. Nikakaa chini, nikauliza, nani? "Kiboksi, Chau. Kimezima." Nilimsema mpaka akakata simu.

Safari hii alikuwa yeye. Presha, akiwa anafungua duka. Alasiri tukamzika kwao Kimamba. Na juzi nusura nimpoteze mara ya pili, ndiyo maana naandika.

Kwa wasiomjua: siku za kazi Maulidi alikuwa mtu wa stationery hapa Kilosa, photocopy na passport size. "Usicheke mzee wangu, hii ya kitambulisho," ndiyo kauli yake kwa wateja. Wikiendi alikuwa mpiga solo wa bendi yetu ya maharusi, mimi naimba.

Kiboksi ni kile kidude cha kukanyaga kinachoigiza milio ya amplifaya za kila aina. Unachomeka gitaa, unakanyaga namba, mlio unabadilika. Wifi alikuwa anakiita "mke mwenzangu".

Ugonjwa wake ulikuwa update. Simu, printa, kiboksi, kikitoka kitu kipya lazima akipate siku hiyohiyo. "Chau, kifaa kisicho na update ni tofali lenye taa."

Basi Ijumaa moja akaunganisha kiboksi na kompyuta ya dukani, firmware mpya, ile programu inayokiendesha, ikaanza kuingia. Kwenye skrini imeandikwa kwa wekundu: USIZIME UMEME. Imefika asilimia sitini, adhana ikaita. Maulidi akafanya anachofanya kila Ijumaa: akatoa wateja, akashusha main switch, akafunga mlango, akaenda msikitini.

Alituapia kwamba siku hiyo alisali kwa utulivu kuliko siku zote.

Aliporudi, kiboksi kiko kimya kama jiwe. Kesho yake tuna send-off Mikumi! Asubuhi akagundua ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja wakati unakiwasha, kinakubali kuanza update upya. Kikafufuka. Ila milio yote aliyoitengeneza kwa miaka ilikuwa imefutika, imebaki ya kiwandani. Hilo hakutuambia.

Mikumi, ukumbi umejaa. Mama wa bibi harusi anaingia kwa madaha, vitenge juu mpaka chini, shangazi wote nyuma yake. Maulidi akakanyaga namba moja, ile ya rumba tamu.

Mamaaa! Ulitoka mlio wa rock, mzito, unakoroma mpaka sahani za keki zikatetemeka. Mama wa watu akaganda mguu mmoja hewani.

MC akasema, "Samahani wageni waalikwa, tuna tatizo la kiufundi." Maulidi akamjibu kwenye maiki: "Siyo tatizo, ni version mpya!"

Kilichotuokoa ni upande wa bwana harusi, wenzetu wafugaji waliotoka Kanda ya Ziwa. Mzee Masanja akainuka na fimbo yake, akacheza peke yake katikati ya ukumbi, akaamuru irudiwe. Ilirudiwa mara tatu.

Baada ya hapo Maulidi alikaa wiki kadhaa akiitengeneza milio yake upya kwa masikio tu, kila mmoja akaupa jina la mtu. Ile rock akaihifadhi: MZEE MASANJA. Kuna MAMA MKWE, unaanza polepole halafu unapanda. Kuna CHAU KACHELEWA, wa kupigia watu wakati mimi bado najipaka poda.

Sasa wifi ametupa kiboksi tuendelee nacho. Jumamosi hii tuna harusi Mikumi, solo atapiga Mwalimu Lucas wa Masanze. Kukifungua tu akasema firmware imezeeka, app ya simu haiunganishi mpaka tu-update.

Nikakataa katakata. Humo ndani ndimo alimobaki Maulidi. Majina yale yakifutika, nani atayarudisha?

Wifi ndiye aliyeamua. "Mume wangu akijua kiboksi chake kina firmware ya zamani, huko aliko hatulii. Fanyeni."

Yuko eda, hatoki, kwa hiyo kompyuta ya dukani tukaibeba mpaka chumbani kwake. Mwalimu Lucas akabaki barazani, anatoa maelekezo dirishani.

"Dada, umefanya backup?"

"Nimefanya!"

"Fanya tena!"

Wifi akaweka kiganja juu ya swichi ya ukutani, hakukitoa mpaka asilimia mia. Mimi nilikuwa nasoma dua zote ninazozijua, na nyingine nusu.

Kikawaka. Majina yote yapo. Nikamsomea moja moja, kwa MAMA MKWE akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Halafu akauliza, "Na mimi?"

Nikatafuta. Hayupo.

"Mzee Masanja yumo! Miaka kumi na minne ya ndoa, Chausiku, hata mlio mmoja?"

Ikabaki namba ya mwisho, imeandikwa USIGUSE. Sisi bendi alitwambia ni mbovu. Nikakanyaga, nikashika gitaa lake, nikapiga zile chord tatu ninazozijua. Hakuna mwangwi, hakuna mbwembwe. Gitaa tupu, taratibu.

Wifi akasema, "Hiyo ndiyo anayonipigiaga nikiwa jikoni."

Tukalia wote wawili. Dirishani Mwalimu Lucas anauliza, "Vipi, kimezima?"

Maulidi kaka yangu, milio yako ipo yote. Jumamosi Mikumi watacheza. Ile ya mwisho haiendi ukumbini, inabaki nyumbani kwako. Lala salama, Mwanaidi ameisikia.