Nilimuuza Mtoto wa Mwalimu Wangu

Wacha niseme bila kujipamba: mimi ni mtu mchafu. Hata sasa nikikumbuka, natamani kujitemea mate.

Mwalimu Adhiambo alikuwa mama anayeandika mabango ya maduka Ngara, hapa Nairobi, na kila bango lilikuwa na jina lake kwa kona. Mimi nilikuwa natoka Kinoo kila Jumamosi, ananifundisha rangi za mafuta bure kabisa. Alisema mkono hujifunza kwa kunakili. Tukachapisha kwa saiba, duka la intaneti, picha moja ya zamani ya vita vya Wazungu: mji unaungua, farasi wameanguka, watu zaidi ya thelathini, na katikati mama amebeba mtoto aliyekufa. Tukaichorea miraba ya penseli, tukaanza kuinakili kwa turubai kubwa.

Tulikaa nayo karibu mwaka. Kila Jumamosi wimbo wake ulikuwa ule ule: ngoja rangi ya chini ikauke, ndiyo uweke ingine.

Moshi niliuweza. Farasi pia, kiasi. Lakini uso wa yule mtoto ulinishinda mara tatu, ukatoka kama unga uliokandwa vibaya. Mwalimu akachukua brashi, akauchora mchana mzima. Alipomaliza, nikaona si mtoto wa kwenye karatasi. Alikuwa Awuor, binti yake aliyefariki akiwa na miaka sita, ambaye picha yake ndogo ilitundikwa ukutani pale kazini.

Akaniambia, "Hii tukimaliza inabaki hapa." Tulipomaliza niliandika jina langu kwa kona, naye akaandika lake chini yake. Kwake nakala ilibeba majina mawili, la mwanafunzi na la mwalimu.

Wiki hiyo hiyo akaenda matanga Siaya, akaniachia ufunguo. Sasa kuna mama wa Loresho niliyekuwa nimempakia geti rangi, alitaka picha kubwa ya sebuleni. Shetani hakunisukuma, jamani. Nilijisukuma mwenyewe.

Nilifunika jina la Mwalimu kwa rangi ya kahawia niliyoizimua na tapentaini ili ikauke haraka. Chini bado ilikuwa mbichi. Yaani hata kuiba niliiba kwa haraka!

Yule mama aliangalia sana uso wa mtoto, akauliza nimeutoa wapi.

"Kwa kichwa changu," nikasema. Ptuu!

Akalipa, nikanunua simu na viatu. Mwalimu aliporudi nikamwambia wezi waliingia. Na yeye, badala ya kulia, akanishika bega, akashukuru Mungu kwamba sikuumizwa. Akanipikia chai. Nikainywa yote, nikaongezwa! Hiyo chai ndiyo hunichefua mpaka leo kuliko wizi wenyewe.

Miezi ikapita. Ile kahawia ikapasuka pasuka kwa kona, ikaanza kubanduka, na jina la Mwalimu likatokea. Mama wa Loresho hakunipigia simu. Alikuwa ameliona jina hilo kwa mabango ya Ngara, akaenda kuuliza, akapelekwa hadi mlangoni kwa Mwalimu. Alipoambiwa huyo mtoto ni nani, aliiacha picha hapo hapo.

Jumamosi nikaingia na salamu zangu, kumbe picha iko ukutani. Mwalimu alikuwa anaosha brashi. Hakupaza sauti.

"Moshi ni wako, na jina lako nimeliacha," akasema. "Lakini ufunguo weka kwa meza, na usirudi hapa."

Nikauweka. Nikatoka, nikarudi Kinoo.

Leo bado napaka mageti. Uso sijawahi kuuweza, na hakuna mtu mwingine aliyekubali kunishika mkono anifundishe. Nikipitia Ngara naona jina lake kila duka, navuka barabara.

Wewe unayejifunza kazi kwa mtu, sikia. Akikuonyesha kidonda chake, usikifanye bidhaa. Mimi nilifanya hivyo, halafu nikakaa chini nikanywa chai yake.