Mji Uliokufa Kiu Kando ya Ziwa

Imran, mwana wa Mohamedali, alikuwa fundi wa kompyuta katika duka la baba yake mjini Shinyanga. Mwaka 1997 kompyuta zenyewe zilikuwa za kuhesabika, kwa hiyo muda mwingi aliumalizia kwenye mchezo aliokuwa akiutunga: mchezaji anachagua mahali, anajenga mji, anachimba dhahabu, anawalisha watu wake na kuwakinga na adui. Binamu yake wa Dar es Salaam alikwisha kuahidi kumtafutia wanunuzi.

Aliyeombwa aujaribu ni Mama Noela, mpiga chapa wa dukani kwao, mama wa makamo kutoka Ushetu, mwepesi wa vidole na mzito wa maneno. Alijenga mji kando ya ziwa. Raundi ya nne watu wakaanza kufa. Ya sita, mji ukabaki mtupu.

"Wamekufa na nini?"

"Kiu, mama."

Aliweka kidole juu ya ziwa, pale pale kwenye kioo. "Na maji haya?"

Imran alieleza kwamba mji huchota maji ndani ya miraba miwili tu ya ramani, na ziwa lilikuwa mraba wa tatu. "Nimeandika kwenye karatasi ya maelezo."

Mama Noela aliondoa kidole kwenye kioo.

"Sisi tulihamishwa kwenda kijiji cha ujamaa mwaka sabini na nne," alisema. "Bwana mmoja alisimama juu ya gari, akatuonyesha bwawa linametameta. Maji hayo hapo, akasema. Tukajenga. Kumbe katikati ni mbuga ya matope, kuizunguka ni saa tatu. Mama yangu alikuwa mjamzito. Mimba ilitoka njiani, ndoo ikiwa kichwani."

Akarudi kwenye taipureta yake.

Imran alibaki ameinama. Mtego ule wa ziwa aliuweka makusudi, na siku alipoutunga alicheka peke yake kwa kuuona wa kijanja.

Alianza upya. Sasa kabla mchezaji hajajenga, miraba ambayo mji ungeifikia iling'aa kijani, na ile iliyozuiwa na mlima au tope iligeuka kijivu, hata kama ilikuwa jirani. Kazi ilimchukua wiki tano. Mara mbili umeme ulikatika ukafuta alichoandika, naye akarudia.

Alituma diski kwa basi. Binamu akapiga simu dukani.

"Umeuharibu. Mtu akijua kila kitu kabla ya kujenga, atacheza nini? Toa hizo rangi, nikuuzie."

"Toa, mwanangu," alisema Mzee Mohamedali. "Ni rangi tu."

"Si rangi, Baba," alijibu Imran. Hakuzitoa. Simu ya binamu haikulia tena, na baba yake alikaa siku nyingi bila kuuliza habari za mchezo.

Mama Noela aliucheza mara ya pili. Alisogeza alama huku na huku, akazitazama rangi, mwisho akajenga karibu na dhahabu. Watu wake walikufa raundi ya tano.

"Umeona kwa nini?" Imran aliuliza kwa wasiwasi.

"Niliona kabla. Maji hayafiki pale. Nimeitaka dhahabu." Alivua miwani. "Hili kosa ni langu mwenyewe."

Imran alitaka kufurahi, akashindwa. Mama yule bado aliitazama miraba ya kijivu, midomo ikimcheza kama anayehesabu saa tatu za kuizunguka mbuga.