Mshipi wa Kambale kwenye Gitaa la Umeme

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipopiga magoti mbele ya kwaya nzima nikaomba msamaha kwa kosa nisilolielewa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Mpaka leo nikiwaza damu inanichemka. Kaa hapo nikueleze, maana nimesikia vijana wa bendi yenu wamekunyang'anya bisibisi wakakwambia ukawachemshie chai.

Kwaya yetu hapa Ifakara ilikuwa na gitaa moja la umeme. Mpigaji alikuwa kaka yangu Kasian, naye alikuwa amekwenda Mngeta kuvuna mpunga. Mimi nilikuwa nimejifunza kwa kumtazama vidole tu, basi nikaomba nishike nafasi yake kwenye sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu mlinzi wetu, wiki moja mbele. Mwalimu wa kwaya alikubali shingo upande. Alisema gitaa linakaa vibaya kwenye gauni. Gauni langu, lakini lilimkera yeye!

Jumamosi hiyo, kabla ya mazoezi, uzi wa tatu ukakatika. Wa akiba hatukuwa nao. Sasa sisi watoto wa bondeni, uzi ukikosekana mkono unakwenda wapi? Kwenye mshipi wa nailoni wa baba, wa kuvulia kambale. Nikakata kipande, nikakifunga, nikakikaza. Nilipokidonoa kwa kidole kililia vizuri kabisa. Nikachomeka kwenye amplifaya. Nyuzi tano zikaunguruma, wa tatu kimya.

"Umeunguza pikapu!" mwalimu akafoka. Pikapu ni kile kibao cheusi chini ya nyuzi, chenye vichwa sita vidogo vya chuma. "Umeliua gitaa la parokia! Lipeleke kwa fundi redio kule Kibaoni akwambie hasara yako, na Jumapili ya sikukuu sitaki kukuona nalo."

Nami, mjinga mimi, ndipo nikapiga magoti.

Jumatatu nikalibeba hadi kwa fundi, Mzee Likunja, mtu wa maneno machache na yote makali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona sura ya msibani, nani kafa?"

"Gitaa. Nimeliua mimi, na radhi nimeshaomba."

Akalichomeka kwenye amplifaya yake, akachukua bisibisi, akagonga vile vichwa kimoja kimoja. Tok, tok, tok, spika ikaviitikia vyote sita, hata cha tatu. Akanitazama.

"Maiti gani huyu anayeitika? Wewe umeomba radhi kabla hujafungua! Nyuzi tano zinalia, hukujiuliza kwa nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Akanitupia bisibisi nifungue mwenyewe. Ndani nikaona sumaku, na waya wa shaba mwembamba kama unywele umezungushwa mara maelfu. Akanieleza kwamba pikapu haina masikio, haisikii sauti hata kidogo. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake unavuruga nguvu ya ile sumaku, na umeme mdogo unazaliwa ndani ya shaba. Umeme huo unapita kwenye kitufe cha sauti, unafika kwenye amplifaya, inaukuza, ndipo spika inalia. Halafu akanipa sumaku ya spika mbovu. "Haya, nyanyulia mshipi wako." Nikaufungua kwenye gitaa, nikajaribu. Mshipi ukabaki mezani, wala haukushtuka.

Nikacheka mpaka machozi. Kumbe hakuna kilichoungua, nailoni si chuma tu! Akafumua uzi mmoja wa chuma kwenye waya mkuukuu wa breki ya baiskeli, nikaufunga mahali pa mshipi, nikaupiga. Wee! Waliokuwa wakipita barabarani waligeuka.

Jumapili ya sikukuu mwalimu akanizuia mlangoni mwa kanisa, kwaya yote nyuma yake.

"Nilikukataza. Hilo gitaa umeliharibu."

"Nimeliharibu wapi, mwalimu? Nionyeshe."

Akanyoosha kidole kuelekea kwenye gitaa. Nikakisubiri. Kikazunguka juu ya nyuzi, kikarudi kwenye kitufe, kikazunguka tena. Hakikujua pa kugusa. Nikampita, nikachomeka, nikapiga misa nzima nikiwa na gauni langu.

Basi sikia, mwanangu. Ukikosea, kubali, mimi nilikosea kweli kuweka nailoni. Lakini usimpigie magoti mtu anayesema kitu kimekufa naye hajawahi kukifungua. Fungua kwanza. Tazama kinachofanya kazi, ndipo utafute kisichofanya. Na wakikuuliza nani amekuruhusu, waulize ubovu uko wapi, uwaache watafute kwa vidole vyao.

Bisibisi hii ni ile ile ya Mzee Likunja, alinipa siku ile. Chukua. Mungu aibariki mikono yako, akulinde na umeme na watu wenye kelele, na magoti yako yamjue Yeye peke yake. Haya, nyanyuka, bendi wako mazoezini sasa hivi. Chai watajichemshia.